Sodiamu Iliyomfukuza Mama Mkwe

Dada mshauri, pole na kazi, naomba unisaidie maana moyo wangu hautulii. Mimi ni mpiga chapa wa ofisi hapa Dodoma, na tangu maduka yajae vitu vya nje napenda kusimama mbele ya rafu nikisoma vibandiko, miji ya mbali inanipita machoni kama ndoto hadi nasahau nilichofuata, na majirani wananiita Mama Kizungu kwa sababu mimi ndiye ninayewasomea. Mume wangu Castory ana presha, daktari alimkataza chumvi, nami nikampatia supu ya pakiti yenye picha ya moyo mwekundu, nikasoma kibandiko chote, chumvi sikuiona, niliona sodiamu tu nikadhani ni vitamini, na ule ukali wa ladha yake tukasema ndivyo viungo vya Ulaya. Miezi mitatu akainywa kila jioni, mpaka akaanguka karakanani kwake Kizota. Akamlaumu mama yake, Mama Emilia, tuliyekuwa tukiishi naye, kwamba anaongeza chumvi sufuriani kwa siri. Mama alifunga kanga zake akarudi kijijini kwake Mvumi. Wiki iliyopita nesi aliona pakiti kikapuni mwangu akanieleza kwamba sodiamu ndiyo chumvi yenyewe. Pakiti nimezitupa ila kusema siwezi, nakaa kwenye mashine naota mama amerudi mwenyewe na tunacheka, nikizinduka nakuta nimechapa jina lake katikati ya barua ya bosi. Nifanyeje?
Frida, Dodoma

Frida, pole. Kutojua neno si dhambi, ingawa hata ulimi wako ungekuambia. Kosa lako ni kumwacha mama mzima abebe mzigo wako huku wewe unaota.

Kuanzia leo tafuta sodiamu kwenye kibandiko, kisha uangalie kama kiasi hicho ni cha kikombe kimoja au cha pakiti nzima. Picha ya moyo ni tangazo, achana nayo. Tena nakuuliza, mlenda wako unatia magadi? Magadi nayo yana sodiamu, mama. Acha, tumia nyanya, kitunguu na ndimu. Castory arudi kliniki, na vidonge asiviache.

Leo hii mwambie mumeo ukweli. Jumamosi mwende nyote wawili Mvumi. Mwamkie mama, piga goti, useme, "Mama, chumvi ilitoka kwangu."

Atakuuliza kwa nini ulinyamaza. Hilo siwezi kukujibia.