Batri ya shemeji Faustin

Jumatatu

Shemeji Faustin na akili zake. Sijui nini kilinituma nimpe kamera yangu ashike.

Wiki iliyopita tuliipeleka kwa fundi Mbarara kwa sababu ilikuwa inalia kila tukiizima. Fundi akacheka. "Hii iko sawa. Lenzi inarudi ndani, na picha inaingia kwa kadi. Ngojeni taa izime kwanza." Faustin akaitikia kwa kichwa kama daktari.

Leo asubuhi, pale Base Camp, kwenye kituo cha basi hapa kambini, jirani yetu Mama Riziki alikuwa anamuaga binti yake, anayehamia Kanada na watoto. Niliwapanga mbele ya basi, Mama Riziki katikati, dereva akipiga honi. Nikapiga picha moja, nzuri kweli. Nikazima kamera, nikampa Faustin ili nimbebe mtoto mdogo hadi mlangoni. Kamera ikawa inalia, taa bado inawaka. Bwana mkubwa akachomoa batri.

"Ile makelele iko inakula batri bure," akaniambia. "Unajua shida ya kuchaji kwa sola."

Niliporudisha batri, picha haikuwamo. Basi lilikuwa limeshakata kona.

Mama Riziki hakumgombeza. Angemgombeza ningefurahi. Aliuliza tu kama tutawapiga picha tena siku watakaporudi. Mimi sijui hata kama atawaona tena.

Faustin ndiye aliyemjibu. Alimwambia asiwe na wasiwasi, batri bado imejaa.