Mtani, Nozeli Hazikuwa na Kosa

Mtani wangu Yohana,

Lile gari la kijivu la Nesi limewaka. Nimeona nikuambie wewe kwanza, maana ndilo tulilokuwa tukilibishania siku ulipoondoka gereji ukisema kichwa kinakugonga, na hukurudi tena.

Baada ya mazishi sikuweza kuligusa. Lilikaa pale ukutani, vumbi likalifunika mpaka vioo, na spana yako namba kumi juu ya injini kama ulivyoiacha. Nesi hakunisumbua. Alipita siku moja akitoka Hombolo, akasema, "Pole, fundi. Maliza kwanza kulia." Nikamjibu kwamba sisi Wahehe hatulii. Uongo mtupu.

Unakumbuka tulivyoanza na magari haya? Biashara ilipolegezwa na mitumba ya Japani, isiyo na kabureta bali nozeli za kunyunyizia petroli, ikaanza kumiminika, sisi wazee wa kabureta tuligeuka wanafunzi. La kwanza kuletwa, ulifunua boneti, ukaizunguka injini, kisha ukamgeukia mwenye gari na uso mkavu: "Bwana, wamekuibia kabureta." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi hili la Nesi lilikuwa likinywa petroli na kutoa moshi mweusi, na likishapata moto, ukilizima haliwaki tena. Wewe uling'ang'ania nozeli: zinavuja, tuzishushe. Mimi nikasema ni regulata, kale kakopo kanakoshika presha ya petroli na kurudisha ya ziada kwenye tangi. Ukanicheka. "Mhehe, kakopo kale kana nini cha kuharibika? Nenda kale mbwa, kitoweo chenu Wahehe." Nikakwambia Mgogo anajua mlenda tu, mambo ya presha awaachie wenzake. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho, na mpaka leo sijui niyacheke au niyalilie.

Jumatatu nilijikaza. Nikauchomoa ule mpira mwembamba wa hewa unaotoka kwenye regulata kwenda kwenye injini. Unatakiwa uwe mkavu. Nikauinamisha, petroli ikanidondokea mkononi. Ngozi ya ndani ya regulata, ile inayozuia petroli isipite huko, ilikuwa imepasuka, Yohana! Injini ilikuwa ikipewa petroli kwa mlango wa uani, ndiyo maana ilikuwa ikifurika. Nikafunga regulata nyingine, nikaliendesha mpaka likapata moto sawasawa, nikalizima, nikangoja, nikawasha. Likaitika hapo hapo, na moshi hakuna.

Nikageuka nikutukane. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua: "Wewe Mgogo wewe!" Kigoda chako kitupu. Mama muuza uji wa pale mlangoni akajifanya anakoroga sufuria. Miaka yote hiyo nimetaka kukushinda ubishi mmoja tu, mtani. Sikutaka kushinda hivi.

Na kuna lingine linaloniuma. Kule Mvumi, siku ya kukuzika, watu walikuwa wakinisubiri mimi. Mtani ndiye wa kushuka kaburini, alale humo, agome kutoka mpaka apewe kuku, ili wafiwa wapate kucheka kidogo. Mama yako alinitazama, akangoja. Nikashindwa. Nililia kuliko wanao, mpaka wazee wakanong'onezana, mtani gani huyu? Nimekukosa sana, Yohana. Gereji imekuwa kimya, hakuna wa kuniambia kwamba sijui kazi.

Siku ya kusimika msalaba nitakuja na regulata hii mbovu mfukoni. Nitaketi juu ya kaburi lako, nimwambie mama yako mbele ya ukoo wote kwamba mwanawe alikufa akibishia asichokijua, na siondoki bila kuku. Atacheka, namjua. Nami nitakutukana vizuri, kama ulivyostahili kutukanwa siku ile, mpaka nimalize yote.

Kwa sasa pumzika. Spana yako namba kumi naitumia mimi. Ukiitaka, njoo uidai.

Mhehe wako