Salamu za Baba Ndani ya Kaseti

Jumamosi, Julai 1996. Baridi, na manyunyu tangu asubuhi.

Leo nilikasirika, nikacheka, kisha nikalia. Nianze mwanzo.

Jumatatu kila mmoja wetu darasani chuo kikuu anapeleka kipindi cha redio cha dakika tano kuhusu mtu anayefanya kazi kwa mikono. Watakaofanya vizuri wataendelea na redio mwaka wa tatu, wengine wasomee uhusiano mwema. Mimi nataka redio. Sitaki kingine.

Nikamchagua Baba. Anachonga twiga na swala kibandani hapa mtaa wa Baba Dogo, na akiwa kazini hakuna anayemshinda kwa kusimulia. Lakini niliogopa kumwomba. Kanisani huwaambia watu nasomea uwakili. Kwake, kusoma miaka minne ili uje kuongea redioni ni mchezo wa watoto. Huwa nanyamaza, na inaniuma.

Alikubali. Nikawasha rekoda ya chuo, nikamuuliza alijifunzaje kuchonga.

Basi Baba akaweka chini tezo yake ya kuchongea, akakohoa, akavaa koti. Koti, kwa ajili ya redio!

"Kwanza kabisa nawasalimu wote wanaonisikiliza, popote walipo."

Akamsalimu mama yake kule Machakos, mashangazi, kwaya nzima, hadi mwenye kioski. Baba na rafiki zake hutuma kadi za salamu redioni kila wiki, kwa hiyo kwao kipaza sauti ni cha salamu. Nilimpungia mkono aache, akadhani namwambia aendelee. Kumkatiza mzazi nikaona haya. Halafu jirani akaanza kugonga mabati, nikatoka mbio kumsihi atulie kidogo. Niliporudi kaseti ilikuwa imefika mwisho. Twiga hata mmoja hakutajwa.

"Umepata, mama?" Baba akauliza, akivua koti.

"Nimepata, Baba. Asante."

Nilikuwa nimedanganya, na kaseti niliyokuwa nayo ni hiyo moja tu.

Nyumbani nikamsikilizisha rafiki yangu Njeri, anayekaa mlango wa pili. Alicheka hadi akashika ukuta. "Ai, Mwende, hiyo imeenda! Futa tu, urekodi ingine."

Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Ndani ya kaseti nyundo ya jirani ikanyamaza, na Baba akasema polepole:

"Na mwisho kabisa namsalimu binti yangu Mwende, yuko chuo kikuu. Wale wa kanisani niliowaambia anasomea uwakili, si uwakili. Ni redio."

Njeri aliacha kucheka. Mimi nilienda kusimama jikoni.

Kumbe alingoja nitoke ndipo aseme. Huyo ndiye Baba.

Siifuti. Kesho nitatafuta kaseti nyingine, nimrudie, nimwache asalimu mpaka achoke, ndipo nimuulize habari za twiga. Kama mwalimu hatapenda, basi, nitakuwa nimejaribu. Nina matumaini, sijui kwa nini, lakini ninayo mengi leo.

Na kesho baada ya ibada, mtu akiuliza nasomea nini, nitajibu mwenyewe.