Inveta ya Mzee Harjit

Chelangat usinipigie, soma tu. Bado niko Naivasha.

Unajua ile boti ya injini ya Mzee Harjit, ile ya 1968? Leo nilikuwa namfungia betri mpya na inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Nikafunga waya ya hasi kwa bodi ya injini, vile nafunga gari zote za Probox.

Kumbe hiyo injini ya zamani ni kinyume. Chanya ndiyo inakaa kwa bodi. Nimekuja kufuata waya za kitambo nikaona, na inveta imeshatoa moshi, imekufa.

Mzee akashuka ndani ya boti akauliza, "Nani ameshika hizi waya?"

Chela, spana iko mkononi na sijasema ni mimi.

Micah, yule mlinzi wa boti, alikuwa amepangusa vichwa vya betri asubuhi, pale waya hufungwa. Akasema, "Labda ni mimi, mzee. Nilizigusa."

Mzee akamwambia, "Basi kesho usikuje."

Usikuje, hivyo tu.

Nikajiambia Micah ataenda, yaishe. Lakini sasa hivi Micah amenifuata huku nje, amebeba jaketi yake. Hana hata hasira. Ameniambia, "Fundi, nionyeshe mahali nilikosea, nisije nikarudia kwa boti ya mtu mwingine."

Chela, nimechuchumaa hapo kwa vumbi, nikachora betri na kidole, nikamwonyesha kosa lenye hakufanya.

Ameniambia asante.