Ukurasa Mmoja Uliobaki

Dada yangu,

Mimi mzima, na bado ndiye fundi wa vyerehani anayejua kompyuta kuliko wasomi wote wa mtaa huu. Goti la mama limepoa. Ila tovuti yetu ya mafunzo ya vyerehani imenitoa jasho! Tangu mtambo wa kutafutia mtandaoni ubadili kanuni zake, wageni mia tisa kwa siku wamebaki arobaini. Nimebadili rangi, nimebadili picha, nimegombeza hadi waya. Wapi!

Jana nikakagua ukurasa mmoja mmoja. Makala mia mbili nilizonakili kwa watu hazina msomaji; kanuni mpya zinazificha kwa kuwa si zetu. Wote arobaini wanasoma ukurasa wako wa kutoa sindano iliyovunjikia ndani ya cherehani, ule niliofuta jina lako tulipogombana.

Jina nimelirudisha, kubwa kuliko langu. Umebaki wewe tu kurudi, dada.

Mdogo wako, kichwa kigumu