Maelezo Kuhusu Msimamizi wa Ndoa Niliyemwita Daktari

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Leodegar Tesha
Umri: Miaka 38
Kazi: Fundi vigae
Makazi: Darsait, Muscat, Oman, nyumba ya wafanyakazi wa kampuni
Kwao: Himo, Kilimanjaro, Tanzania

Leo ni Jumapili, tarehe 9 Februari 2025. Ni miaka mitatu na miezi minne tangu niondoke nyumbani, na sijarudi hata mara moja. Ninasema kwa Kiswahili mbele ya Sajenti Musallam wa polisi, ambaye Kiswahili amekikuta kwao, naye atayaandika upya kwa Kiarabu. Shule niliishia darasa la saba.

Pelagia Mrema ninamfahamu. Ndiye aliyemsimamia mke wangu, Anjelina, tulipofunga ndoa kanisani Himo mwaka 2014. Kwetu kazi ya msimamizi haiishi siku ya harusi. Mume na mke wakigombana, huitwa yeye kabla ya wazazi na kabla ya padri. Baadaye Pelagia alisomea ushauri wa ndoa na familia, akapata leseni Tanzania. Hapa Muscat anafanya kazi mapokezi katika kliniki moja ya Khuwair ya Kusini, huku akisubiri leseni yake ikubaliwe. Aliwahi kunieleza kwamba zipo nchi zinazotambuana leseni, mtu akisajiliwa kule anasajiliwa na huku bila kusoma upya, na kwamba ombi lake lilikuwa bado linaangaliwa.

Mwezi Desemba nilimpigia simu nikamwomba atutibie ndoa yetu. Akasema, "Shemeji, kwa kazi hiyo siwezi. Kule naruhusiwa, hapa bado. Usinitie matatani." Nikamwambia, basi njoo kama msimamizi wetu. Akakubali.

Sababu ya kumwita naona aibu kuitaja, ila afande ameuliza. Tangu mwaka jana nilikuwa namwamuru Anjelina aweke simu juu ya kabati kila jioni, kamera ikiwa wazi, ili nimwone anavyopika na nani anaingia. Sikuwa namsemesha. Nilikuwa natazama tu. Akienda uani namuuliza alikuwa wapi. Siku moja akanitumia ujumbe kwamba anarudi kwao.

Ijumaa tarehe 17 Januari, saa kumi jioni, tulikaa nje ya duka la chai hapo Darsait, mimi na Pelagia, Anjelina akiwa kwenye simu. Pelagia ndiye aliyekataa tukae ndani kwake. Alisema hana ofisi, hana faili, na chai atajilipia mwenyewe ili mtu asije akasema alilipwa.

Aliniuliza, "Shemeji, unalinda nini?"

Nikasema nalinda nyumba.

Anjelina akacheka kwenye simu. "Nyumba haina miguu, Baba Aika. Sema ukweli."

Pelagia akaniambia jioni moja tu niweke simu yangu ukutani chumbani kwetu, kamera wazi, Anjelina anitazame mimi. Nilikubali kwa sababu niliona ni jambo dogo.

Siku iliyofuata nikaiweka. Haikupita nusu saa, Godson, tunayelala naye chumba kimoja, akasema, "We Tesha, yaani sisi tunavua mashati mbele ya shemeji? Hii ni sinema?"

Nikasema daktari ameagiza.

"Daktari gani?"

Nikasema, "Daktari wa ndoa. Anaitwa Pelagia. Ana leseni ya hapa hapa Oman."

Huo ulikuwa uongo. Pelagia hakuwahi kuniambia hivyo. Godson akasema, "Basi mimi namhitaji kuliko wewe, nipe namba." Nikampa. Akaiweka kwenye kundi la simu la Watanzania, akaandika kwamba tumepata daktari.

Sajenti Musallam ameniuliza, "Weye ulimwita daktari kwa sababu gani, na hali unajua si daktari?" Najibu hivi. Godson ni wa Moshi. Ningesema Pelagia ni msimamizi wetu, angeelewa mara moja. Ndiyo maana sikusema. Mtu aliyekwenda kwa daktari ni mgonjwa, watu humpa pole. Aliyewekewa kikao na msimamizi ana kosa, na Godson angeuliza ni kosa gani.

Baada ya hapo watu wengi walimpigia Pelagia. Wote aliwaambia hana ruhusa. Mmoja hakuridhika, akapiga simu kliniki kuuliza zamu ya daktari wa ndoa ni siku gani. Kliniki ikapeleka taarifa polisi na kwa wanaotoa leseni, ombi lake la leseni likasimamishwa. Nimeambiwa akionekana alifanya kazi hiyo bila kibali, leseni hapati, na anaweza kurudishwa Tanzania.

Tarehe 2 Februari Pelagia alinipigia. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Shemeji, neno daktari umelitoa wapi?" Nilikata simu. Nilimkatia mtu aliyenishikia mke wangu mkono kanisani.

Sajenti ameniambia, "Haya ya kamera nnaweza kuyawacha. Yatasomwa na watu wengi, na weye una mke." Nimemwomba ayaandike. Yakitolewa, itaonekana nilikuwa mgonjwa na Pelagia akanitibu. Sikuwa mgonjwa. Nilimkosea mke wangu, nikamwita mtu wetu atusuluhishe.

Ninayoyajua yameishia hapo, na nimeyasema bila kulazimishwa.

Likizo yangu inaanza tarehe 14 Juni. Anjelina amesema nisiende nyumbani kwanza, nipitie kwao, na kikao kiendelee Pelagia akiwepo. Akifukuzwa hapa kwa sababu yangu, atakuwepo kule ana kwa ana. Naomba awe kwenye simu, yeye akiwa huku kazini kwake. Mimi natarajia kufika Himo tarehe 15.

Sahihi: L. Tesha

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Musallam, kama shahidi alivyoyatamka. Nimemsomea yote. Nilipofika pahala pa kamera aliinamisha kichwa, nikamuuliza tena iwapo pafutwe. Alisema pabaki.