Yule Asiye na Picha

Jumatatu, 3 Machi
Simu kwanza, kunawa uso baadaye. Yule asiye na picha amelaiki posti yangu tena, wa kwanza kama kawaida. Jina lake ni herufi na nambari tu. Haandiki neno. Tangu Muthama aniache, hakuna anayenifuata kwa bidii kama huyu. Simwamini hata kidogo.

Jumanne, 4 Machi
Ni mwanamke mpya wa Muthama. Lazima. Anataka kuona kama nimekonda. Nimeposti picha nikicheka. Kicheko chenyewe kilinichukua asubuhi nzima. Dukani nimempa mteja chakula cha nguruwe badala ya cha kuku. Bosi amesema kosa lingine kama hilo, nirudi kwetu Kathiani. Mama amepiga simu. Sikushika. Ataniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 6 Machi
Au ni Nduku, ninayeishi naye? Kikulacho ki nguoni mwako. Alipoenda kuoga nikapekua simu yake. Hakuna kitu. Akanifumania nayo mkononi. "Wewe hauko sawa," akasema. "Tafuta mtu uongee naye." Hatusemezani sasa.

Ijumaa, 7 Machi
Silali. Chai haishuki. Nikiweka simu chini kifua kinabana. Nikiishika, kinabana zaidi.

Nimetega mtego. Nimeandika: "Nimechoka. Naenda. Msinitafute." Nikazima simu. Ajitokeze basi, mchawi huyo.

Jumamosi, 8 Machi
Amejitokeza. Ni mama.

Alibisha mlango asubuhi, amevaa gambuti za shamba, leso imefungwa ndani nje. Akanishika uso, mabega, mikono, kama mtu anayenunua mbuzi sokoni. Kisha akaketi sakafuni.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, simu zangu haushiki," alisema. "Huko mtandaoni angalau nilikuwa naona uko."

Jirani ndiye aliyemfungulia akaunti. Picha hawakujua kuweka. Na mimi wiki nzima namtukana moyoni. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Jumapili, 9 Machi
Mama hakwenda kanisani. Amepika muthokoi. Nduku amekula nasi, akaniongezea chakula sahanini bila kuniuliza.

Nikamwambia mama ile posti ilikuwa mtego tu. Akasema sawa. Akaendelea kuosha sufuria. Kisha akauliza tena, polepole, kama kweli ilikuwa mtego tu.

Nikalia. Nikamwambia sijui.

Akapangusa mikono. Kesho tunaenda kliniki, amesema, mimi na yeye. Shamba litangoja.